Jabali la Uluru na Wageni Wake

Katikati ya bara la Australia, mahali ambapo mchanga ni mwekundu na miti ni haba, limesimama jabali moja kubwa liitwalo Uluru. Kimo chake ni mita 348 kutoka uwandani, na atakaye kulizunguka kwa miguu hana budi kutembea zaidi ya kilomita 9. Mimi na mke wangu tuliliona mwezi wa Julai mwaka 2018, tulipokwenda kumzuru mwanetu Saidi aliyekuwa akisoma katika nchi hiyo. Ilikuwa safari ya siku moja. Basi liliondoka Alice Springs kabla ya mapambazuko, katika baridi ya kugonganisha meno, likatuchukua mwendo wa kilomita 450 hivi pamoja na wageni wengine na kiongozi mmoja kijana, mchangamfu, mwenye maneno mengi.

Nakiri kwamba nia yangu ilikuwa kufika kileleni. Siku zile kupanda kulikuwa hakujapigwa marufuku. Palikuwa na mnyororo uliotiwa mwambani katika miaka ya 1960, na watu waliushika wakipanda mmoja nyuma ya mwenziwe mfano wa siafu. Chini ya njia ile palikuwa na bango la wenyeji, watu wa Anangu, likiwasihi wageni wasipande. Mke wangu alilisoma hata mwisho, akaketi, akaniambia, "Baba Saidi, mwenye nyumba akikuomba usipande darini kwake, utapanda kwa sababu ngazi ipo?" Yeye ni Mdigo wa Kinondo. Tangu utotoni amejua kwamba kaya haiingiliwi pasi na idhini ya wazee, wala bila ya kitambaa cheusi kiunoni, na kwamba hata kijiti kikavu hakitolewi humo. Sikuwa na jibu. Nilibaki chini, walakini kwa shingo upande.

Mzungu wa kwanza kulifikia jabali hili alikuwa mpimaji William Gosse, mwaka 1873. Alilipanda pamoja na Kamran, mchunga ngamia wake Mwafghani, kisha akaliita kwa jina la Sir Henry Ayers, mkubwa mmoja wa serikali ya South Australia. Basi mahali palipokuwa na jina na wenyewe tangu zamani zisizohesabika pakawa Ayers Rock. Mnamo mwaka 1920 sehemu ile ilitiwa katika ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji. Lakini mwaka 1958 serikali ililitoa jabali humo ili pawe mbuga ya kutembelewa na watalii, na Anangu wakageuzwa wageni pao.

Walidai haki yao kwa miaka mingi. Tarehe 26 Oktoba 1985 hati ya ardhi ilitiwa mikononi mwao chini ya jabali lenyewe, na papo hapo wakaikodisha mbuga kwa serikali kwa muda wa miaka 99. Waziri Mkuu Hawke alikuwa ameahidi mwaka 1983 kwamba kupanda kutakomeshwa. Siku ya kukabidhiana ilipofika ahadi ile haikuwamo. Ajabu ya hati hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba iliwatambua watu kuwa wenye nyumba bila ya kuwapa ufunguo wa mlango.

Mchana kiongozi wetu alitupeleka kwenye kidimbwi cha Mutitjulu, kilicho kivulini upande wa kusini. Hapo alitusimulia habari za Kuniya, chatu wa kike, aliyekuja kulipa kisasi kwa Liru, nyoka wenye sumu waliomwua mpwa wake. Akatuonyesha ukutani mwa jabali nyufa ambazo ni alama za mapigo ya Kuniya. Kwa Anangu habari hizi ni sheria, nao huziita Tjukurpa. Humo hufunzwa ndoa, chakula, adhabu na heshima ya maji. Alisimulia vizuri. Tulisimama kando ya maji, tukapigwa picha tukicheka.

Jambo ambalo hakulisema nililisoma baadaye, nilipokwisha kurudi nyumbani. Mwaka 1934 polisi Bill McKinnon aliwafuata wafungwa wa Kianangu waliotoroka, hata akafika kwenye kidimbwi kile kile. Mmoja wao, Yokununna, alikuwa amejificha pangoni. Polisi akampiga risasi, naye akafa. Baraza la uchunguzi la mwaka 1935 halikuona kosa la kumshitaki mwuaji, aliyedai kwamba alifyatua bila ya kulenga shabaha. Mifupa ya marehemu ilifukuliwa ili iwe ushahidi, ikapelekwa Adelaide, na fuvu la kichwa likabaki makumbusho. Daftari la McKinnon mwenyewe, lililotolewa na jamaa zake miaka mingi baadaye, lilionyesha kwamba alilenga. Paddy Uluru, ndugu wa Yokununna, aliponea chupuchupu akakimbia mbali. Alirejea baada ya miaka mingi, akawa mmoja wa wazee wakuu wa jabali lile hata alipofariki mwaka 1979, miaka 6 kabla ya hati kurudishwa.

Mwezi wa Novemba 2017, kabla hatujafika sisi, baraza la mbuga, ambalo wajumbe 8 kati ya 12 ni Anangu, lilikuwa limekwisha kukata shauri kwamba njia ya kupandia ifungwe tarehe 26 Oktoba 2019. Ikafungwa. Katika majuma ya mwisho watu walimiminika kutoka kila upande wapate kupanda kabla ya siku kwisha, kana kwamba ni duka linalouza mali yake ya mwisho; na mimi, nilipoziona picha za msururu ule, niliutambua uso wangu mwenyewe humo. Kisha mnyororo ukang'olewa. Mwaka 2022 mabaki ya Yokununna yalirudishwa Uluru, jamaa zake wakayazika.

Picha yetu ya kidimbwini ingali ukutani sebuleni. Mama Saidi ameniomba mara mbili niiondoe.