Klachi au otomatiki: miaka 70 ya mabishano ndani ya gari la michezo

Tarehe 17 Januari mwaka 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, kampuni ya General Motors ya Marekani ilionyesha hadharani gari jeupe la viti viwili lililopewa jina la Chevrolet Corvette. Umbo lake liliwavutia wengi. Lakini waliozoea magari ya michezo kutoka Uingereza na Italia walipochungulia chini ya usukani, walikuta makanyagio mawili tu: la mafuta na la breki. Kanyagio la klachi halikuwapo.

Miaka 66 baadaye, tarehe 18 Julai 2019, Corvette ya kizazi cha nane ilizinduliwa katika jimbo la California. Hiyo nayo haikuwa na kanyagio la klachi. Ile ya kwanza ilidharauliwa kwa sababu otomatiki yake ilikuwa nzito. Hii ya nane iliachana na klachi ya mguu na kuchukua giaboksi inayobadilisha gia kwa wepesi ambao hakuna binadamu awezaye kuufikia.

Kati ya tarehe hizo mbili ndimo ilimo historia ya swali ambalo mnunuzi wa gari la michezo angali akijiuliza: achague gia za mkono, au otomatiki?

Kazi ya giaboksi

Injini ya petroli haina nguvu ya kutosha inapozunguka polepole. Ndiyo sababu gari huhitaji gia: gia ndogo za kuondokea na kupandia mlima, gia kubwa za mwendo wa kasi. Klachi kazi yake ni kuitenga injini na giaboksi kwa muda mfupi, ili dereva apate nafasi ya kutoka gia moja kuingia nyingine.

Mpango huo ulienezwa nchini Ufaransa katika miaka ya 1890 na Émile Levassor wa kampuni ya Panhard et Levassor. Dereva alisukuma gurudumu moja lenye meno likaumane na jingine lililokuwa likizunguka. Kasi za magurudumu hayo zisipolingana, meno yalikwaruzana na kupiga kelele. Watu wazima wa Afrika Mashariki waliosafiri kwa malori ya zamani wanaikumbuka vyema sauti hiyo, na wanamkumbuka pia dereva aliyekanyaga klachi mara mbili kwa kila gia ili kuiepuka.

Mwaka 1928 magari ya Cadillac yalianza kutumia kifaa cha kulinganisha kasi za meno kabla hayajaumana. Mhandisi wake, Earl Thompson, hakuishia hapo. Baadaye aliongoza kazi ya kutengeneza Hydra-Matic, giaboksi ya otomatiki iliyotangazwa mwaka 1939 na kufungwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Badala ya klachi ya mguu, mzunguko wa injini ulipitishwa kwenye mafuta yaliyokuwa yakisukumwa ndani ya chombo kilichofungwa, na gia zilijibadilisha zenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili giaboksi hiyo ilitumika hata katika vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani.

Kwa familia za Marekani ilikuwa faraja kubwa. Kwa gari la michezo ilikuwa habari nyingine.

Aibu ya Corvette

Corvette ya mwaka 1953 ilikuwa na injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150, na otomatiki iliyoitwa Powerglide. Otomatiki hiyo ilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele. Sehemu ya nguvu ya injini ilipotelea katika mafuta kwa njia ya joto, na dereva hakuwa na gia ya kati ya kumsaidia alipotoka kwenye kona.

Methali isemayo kipya kinyemi, ingawa kidonda, hapo haikutimia. Mwaka 1954 yalitengenezwa magari 3,640, na mengi yakabaki bila wanunuzi. Mwaka 1955 idadi ilishuka hadi 700. Gari liliokolewa na mambo mawili: injini mpya ya silinda nane, na giaboksi ya mkono, ambavyo vyote viliingia mwaka huo wa 1955. Mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mbio za magari, alilisukuma gari hilo katika mwelekeo huo. Kufikia mwaka 1957 mnunuzi aliweza kuagiza gia nne za mkono.

Tangu hapo likazuka jambo lililochukuliwa kuwa sheria: otomatiki ni ya kwenda sokoni, gari la michezo ni la klachi.

Walioivunja sheria

Hata hivyo, wapo walioikataa sheria hiyo mapema. Katika jimbo la Texas, dereva na mhandisi Jim Hall alitengeneza magari ya mbio ya Chaparral, na katika miaka ya 1960 akayafunga giaboksi iliyopitisha nguvu kwenye mafuta, bila klachi ya mguu. Mwaka 1965 Chaparral ilishinda mbio za saa 12 za Sebring huko Florida. Mwaka uliofuata Phil Hill na Jo Bonnier walishinda nayo mbio za kilomita 1,000 za Nürburgring, nchini Ujerumani.

Jim Hall alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mguu wa kushoto ukiachiliwa na klachi, unaweza kupewa kazi nyingine. Katika gari lake la mwaka 1966, mguu huo ulikanyaga kanyagio lililolaza bawa kubwa lililosimama juu ya magurudumu ya nyuma, ili upepo usilizuie gari kwenye barabara iliyonyooka.

Kampuni ya Porsche nayo ilijaribu njia ya katikati. Mwaka 1967 ilileta Sportomatic: wenzo wa gia ulibaki, lakini klachi ilijiachia yenyewe mara tu dereva alipougusa wenzo huo. Mwaka huohuo Porsche 911 R yenye Sportomatic ilishinda mbio za saa 84 huko Nürburgring. Ushindi huo haukuwashawishi wanunuzi wengi, na mwaka 1980 Sportomatic iliondolewa.

Ushahidi kutoka Afrika

Ushahidi mwingine ulitoka katika barabara za Afrika. Katika mashindano ya Safari Rally, ambayo yalianza mwaka 1953, mwaka uleule wa Corvette, magari ya michezo yenye gia za mkono yalikuwa yamejijengea heshima. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, na ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta wa Kenya, aliyekuja kuwa bingwa mara tano wa mashindano hayo.

Mwaka 1979 Mercedes-Benz ilileta gari la milango miwili aina ya 450 SLC 5.0, kubwa, zito na lenye otomatiki ya gia tatu. Katika Safari ya mwaka huo, Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili akiwa nalo, nyuma ya Mehta. Mnamo mwezi Desemba, katika mashindano ya Bandama nchini Ivory Coast, magari hayo yalichukua nafasi nne za kwanza. Mikkola alikuwa wa kwanza, na Mkenya Vic Preston Mdogo alikuwa wa nne. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa gari la otomatiki katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari za aina hiyo.

Sababu yake si ya ajabu. Kwenye mashimo na matope, mafuta yaliyokuwa yakilaumiwa kwa kupoteza nguvu yalifanya kazi ya mto: yalipunguza kishindo kabla hakijafika kwenye shafti na ekseli. Kwenye njia ndefu na mbovu, gari linalofika ndilo lenye kasi.

Vidole vyachukua nafasi ya mguu

Pigo kubwa zaidi kwa klachi ya mguu lilitoka katika mashindano ya Langalanga, yaani Formula One. Mbunifu Mwingereza John Barnard aliifungia Ferrari ya mwaka 1989 giaboksi iliyobadilishwa kwa vidole, kwa vijiko viwili nyuma ya usukani. Kompyuta na pampu za mafuta ndizo zilizokamilisha kazi. Gari liliharibika mara kwa mara katika majaribio, na Nigel Mansell alisimulia baadaye kwamba alikuwa amejiwekea nafasi kwenye ndege ya mapema, akitarajia kuishia njiani. Badala yake, tarehe 26 Machi 1989, alishinda mbio za kwanza za gari hilo mjini Rio de Janeiro.

Gia za mkono hazikuondoka bila kuacha kumbukumbu. Mwaka 1991 huko Interlagos, Brazil, Ayrton Senna wa timu ya McLaren alipoteza gia moja baada ya nyingine, akamalizia mbio akiwa amekwama katika gia ya sita. Alishinda mbele ya watu wa nchi yake, lakini alichoka kiasi kwamba aliinua kombe kwa taabu. Gari lake la mwaka huo ndilo la mwisho lililotwaa ubingwa wa Langalanga likiwa na gia za mkono.

Mwaka 1997 Ferrari ilivileta vijiko hivyo katika gari la barabarani, F355. Wakati huohuo Porsche ilikuwa na wazo jingine, ambalo mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa amelifikiria tangu mwishoni mwa miaka ya 1930: klachi mbili ndani ya giaboksi moja. Klachi ya kwanza hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano; klachi ya pili hushughulikia ya pili, ya nne na ya sita. Gia moja inapovuta gari, inayofuata huwa tayari imeshaingia, ikisubiri zamu yake. Nguvu haikatiki.

Porsche ililijaribu wazo hilo katika magari yake ya mbio, na mwaka 1986 Hans-Joachim Stuck na Derek Bell wakashinda nalo huko Monza, Italia. Kompyuta za kuisimamia giaboksi hiyo barabarani zilihitaji muda zaidi. Volkswagen iliiuza katika Golf R32 mwaka 2003, na Porsche 911 ikaipata mwaka 2008.

Hapo hoja ya kasi ilikwisha. Kwa zaidi ya nusu karne mpenzi wa klachi alikuwa akisema kwamba otomatiki ni nzito. Sasa ilikuwa nyepesi kuliko mkono wake.

Hoja mpya ya klachi

Jambo la kushangaza ni kwamba klachi haikufa. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 yenye klachi mbili pekee. Wapenzi wa gari hilo walilalamika. Mwaka 2016 kampuni hiyo ikatoa 911 R, magari 991 tu, yote yakiwa na gia sita za mkono. Bei yake katika soko la mitumba ilipanda haraka kupita bei ya dukani. Mwaka 2017 gia za mkono zikarudishwa katika GT3. Toyota nayo iliirejesha Supra mwaka 2019 kwa otomatiki peke yake, kisha mwaka 2022 ikaongeza giaboksi ya mkono.

Wanunuzi hao hawakudanganyika kuhusu kasi. Walijua kwamba gari la otomatiki lingewaacha nyuma. Walichokitaka ni kubaki na sehemu katika kazi: kusikiliza injini, kupima klachi kwa unyayo, kukosea na kujisahihisha. Ujuzi uliokuwa wa lazima uligeuka kuwa wa hiari, na kwa kuwa wa hiari, thamani yake ikaonekana upya.

Lakini kuna upande wa pili. Otomatiki imewafungulia mlango wa gari la michezo watu wasio na mguu wa kushoto wenye nguvu, na wanaoshinda saa nzima katika msongamano wa London au Dubai. Kwa hao, klachi haikuwa fahari bali kizuizi.

Huenda swali lenyewe likapoteza maana. Injini ya umeme huwa na nguvu tangu mzunguko wa kwanza, na gari la michezo la Tesla, Roadster, lililoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 2008, lilikuwa na gia moja tu. Hata hivyo, mwaka 2023 kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini ilitoa Ioniq 5 N, gari la umeme ambalo, dereva akipenda, huigiza gia nane kwa mshtuko na sauti, ingawa hazimo ndani yake.

Mwaka 1953 wahandisi walijitahidi kumwondolea dereva kazi ya gia, naye akaidai. Sasa gia zenyewe zinaondoka, na wahandisi wanamtengenezea kivuli chake.