Nani Alikuwa Hodari Zaidi? Habari za Mabingwa wa Ngumi

Ninyi mlioketi darasani huko Nyamongo, na wenzenu wa Tarime na Serengeti, sogeeni karibu na redio, mfungue madaftari. Somo letu la historia leo ni juu ya mabingwa wa ngumi wa uzito wa juu.

Watu hupenda kubishana: nani alikuwa hodari zaidi, Joe Louis au Muhammad Ali? Ubishi huo ni mtamu, lakini mara nyingi hauna mizani. Mfugaji hapimi ng'ombe wawili mnadani kabla ya kuuliza yupi amelishwa vizuri na yupi ametembezwa siku nyingi. Bondia naye ni vivyo hivyo. Kabla ya kuhesabu ushindi wake, tuulize mambo mawili: Alipewa nani apigane naye? Na nani aliyeamua?

Tuanze na Jack Johnson, mtu mweusi wa Marekani. Zamani zake mabingwa weupe walikataa kupigana na mtu mweusi kwa ajili ya ubingwa. Johnson alimfuata bingwa Tommy Burns mpaka Sydney, Australia, na tarehe 26 Desemba 1908 akamshinda. Burns aliyeshindwa alilipwa dola 30,000. Johnson aliyeshinda alilipwa dola 5,000. Johnson aliponyang'anywa ubingwa ulingoni mwaka 1915, mlango ulifungwa tena. Kwa miaka 22 hakuna mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea. Harry Wills alimngoja Jack Dempsey miaka mingi, na pambano lisifanyike kamwe. Basi, tutampimaje Wills? Rekodi yake haionyeshi pambano alilonyimwa.

Mwaka 1937 Joe Louis alipata nafasi kwa bingwa James Braddock. Lakini tazameni bei yake. Meneja wa Braddock alidai sehemu moja ya kumi ya faida ya promota wa Louis katika mapambano ya ubingwa, kwa miaka 10. Louis akashinda, akautetea ubingwa mara 25, akastaafu mwaka 1949 bila kunyang'anywa. Wakati wa vita, mwaka 1942, alitoa malipo ya mapambano mawili kuwasaidia askari wa nchi yake. Hata hivyo serikali ilimdai kodi nyingi, hata akalazimika kurudi ulingoni mwaka 1950, nguvu zimekwisha. Akashindwa.

Mambo haya si ya Marekani tu. Mwaka 1970, huko Edinburgh, Mtanzania mwenzetu Titus Simba alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, uzito wa kati. Katika ngumi za ridhaa promota hachagui. Kura hupanga, na mshindi huendelea. Simba alishindwa fainali na John Conteh wa Uingereza. Conteh akaingia ngumi za kulipwa kwao, penye mapromota na fedha, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu.

Mwaka huohuo, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali alikutana na George Foreman mjini Kinshasa. Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupigana. Sasa alikuwa na miaka 32. Foreman alikuwa na 25, na alikuwa ameshinda mapambano yote 40. Promota Don King alipata kwanza saini za wote wawili, kwa ahadi ya dola milioni 5 kila mmoja, kisha akatafuta mwenye fedha. Serikali ya Mobutu ikakubali. Walipigana usiku wa manane, karibu saa 10, ili Wamarekani wapate kutazama saa za jioni. Ali akamwangusha Foreman raundi ya 8.

Siku hizi kuna vyama vinne, kila kimoja na mkanda wake. Kwa miaka zaidi ya 20 hakukuwa na bingwa mmoja, mpaka Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh, tarehe 18 Mei 2024, kwa fedha za Saudia. Fury alikuwa na kilo karibu 119. Louis alipochukua ubingwa hakufikia 90.

Basi, ndugu zangu, ngumi ni za bondia, lakini kalamu huwa mikononi mwa watu wengine. Mchimbaji wa dhahabu hutaka kuiona mizani kwa macho yake. Mkataba nao ni mizani. Kijana wako akiletewa karatasi ya kutia saini, ya ngumi, ya kazi au ya shamba, isomeni pamoja neno kwa neno kabla ya kidole kugusa wino.

Maswali ya kuzungumzia darasani:
1. Kwa nini Harry Wills hakupigania ubingwa?
2. Meneja wa Braddock alidai nini?
3. Andika mambo matatu ya kutazama katika mkataba kabla ya kutia saini.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.