Maana na matumizi ya 'kuona mbali'

'Kuona mbali' ni kutambua mapema matokeo ya jambo na kujiandaa kuyakabili. Ni tofauti na 'kutabiri': mtabiri husema, mwenye kuona mbali hutenda. Mkulima wa Mbeya anayebakiza mahindi ya chakula ghalani, badala ya kuyauza yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini, husemwa kuwa anaona mbali. Kwa upande wa Iringa, jina lenyewe hutokana na neno la Kihehe 'lilinga', yaani ngome. Chifu Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe kabla adui hajafika. Hata hivyo, Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka kwa mizinga. Kuona mbali hupunguza hatari, lakini hakuiondoi.