Kusoma kwa Ajili ya Nani?

Mara nyingi sisi Wakristo wa Mwanza tunapozungumzia chuo kikuu cha kanisa, tunazungumzia ibada za kufungua mwaka, kwaya, na namna wanafunzi wanavyovaa. Hayo si mabaya. Lakini naona swali lenyewe liko mahali pengine: aliyesoma huko anauonaje ulimwengu, na anamwonaje mwenzake ambaye hakusoma? Swali hili ni la zamani kuliko majengo ya Nyegezi. Historia ya ufuko huu inaweza kutusaidia kulijibu.

Alexander Mackay wa CMS, aliyefariki mwaka 1890 kule Usambiro, kusini mwa ziwa, alikuwa mhandisi. Alihubiri, lakini pia alitengeneza vyombo vya majini na kuendesha mtambo wa kupiga chapa. Mapadre Weupe, walioweka misheni Bukumbi mwaka 1883, nao walifundisha kusoma, ufundi na kilimo pamoja na katekisimu. Hatuna haja ya kuwapamba watu wale. Walikuwa na ushindani wao wa madhehebu, na shule nyingi za misheni baadaye ziliwapendelea waliobatizwa. Hata hivyo hawakutenga kazi ya mikono na kazi ya roho.

Mwaka 1960 Mapadre Weupe walianzisha Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii. Tukumbuke wakati wenyewe. Uhuru ulikuwa mlangoni. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikwisha kuunda vyama vya ushirika, na moja ya sababu zao kubwa ilikuwa mizani: walichoka kupunjwa walipopeleka pamba kuuza. Basi nchi ilihitaji watu wa kupima kwa haki na kuandika vitabu vya hesabu bila kuficha. Nyegezi haikuwa seminari. Ilikuja kujulikana kwa kufundisha uhasibu na uandishi wa habari, yaani kuhesabu kwa uaminifu na kusema kwa uaminifu. Kwangu mimi huo ndio mtazamo wa Kikristo katika elimu, hata kama jina la Kristo halikutajwa katika kila somo.

Upande wa serikali nao ulikuwa na swali lile lile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, mwana wa ufuko huu huu kule Butiama, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji kilichobaki ili aende mbali kuleta msaada. Asiporudi, amewasaliti. Mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilitwaliwa, na watoto wa dini zote wakapata nafasi. Lazima tukiri kwamba haki ilitendeka hapo, japo wengi wetu iliwauma. Mwaka 1972 ilifuata Hospitali ya Bugando, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu.

Kisha upepo ukageuka. Bugando ilirudishwa kwa kanisa mwaka 1985. Mwaka 1992 serikali na makanisa zilitia sahihi makubaliano kuhusu elimu na afya. Mwaka 1995 sheria ikaruhusu vyuo vikuu vya binafsi, na mwaka 1998 Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Bugando ilipata chuo chake cha tiba mwaka 2003.

Katikati ya miaka hiyo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala makaburini Igoma. Orodha ilikuwepo ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Tafadhali msomaji, tulia hapo. Meli haikukosa watu waliojua kuhesabu. Walikosekana watu walioona kwamba aliyelipa nauli ndogo naye anastahili kuhesabiwa. Elimu inaweza kumfundisha mtu hesabu na isimfundishe nani ahesabiwe.

Leo vyuo vya kanisa vinaishi kwa ada, na ada nyingi hutoka kwenye mikopo ya serikali. Kwa hiyo shauku ya kujaza madarasa ni kubwa, na jaribu la kumtazama mwanafunzi kama risiti ni kubwa vilevile. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia bila haya kwamba utafiti wake wa mwisho aliandikiwa kwenye duka la steshenari, akalipa kwa awamu. Chuo chake sikitaji, kwa kuwa tabia hiyo haina dhehebu. Nilimwuliza kazi yake itakuwa nini. Akasema, mkaguzi wa hesabu.

Augustino mwenyewe, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, Roma na Milano. Alikuwa na cheo na wanafunzi. Akafika mahali akaona anauza maneno tu, akaacha kiti chake, na mwaka 387 akabatizwa. Hakuitupa elimu yake, maana aliendelea kuandika hadi mwisho wa maisha. Alibadilisha kitu kimoja: inamtumikia nani.

Sisemi chuo kiwalazimishe Waislamu na wengine wanaosoma humo imani isiyo yao. Imani ya kulazimishwa ni mizani nyingine ya wizi. Nasema wahadhiri wasome kweli kazi wanazosahihisha, wahasibu wa chuo waonyeshe vitabu vyao, na watafiti washuke mwaloni wamsikilize mvuvi kabla ya kuandika juu ya sangara. Hayo yakifanyika, hata asiyebatizwa ataujua mtazamo wetu bila kuhubiriwa. Yasipofanyika, kwaya itaimba vizuri sana, na abiria wa daraja la tatu wataendelea kusafiri bila kuandikwa.