Edropu: Mgawo wa Sarafu za Kidijitali na Jinsi ya Kuupokea kwa Usalama

Katika Kiingereza, airdrop ni kudondosha shehena kutoka kwenye ndege mahali ambapo gari haliwezi kufika. Sudan Kusini inalijua jambo hili vizuri: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limedondosha huko magunia ya nafaka pale mvua na vita vilipofunga barabara. Watu wa sarafu za kidijitali waliliazima neno hilo. Kwao edropu ni kitendo cha mradi kugawa tokeni zake, yaani sarafu zake, kwenye pochi za kidijitali za watu wengi bila kuwauzia.

Mfano wa mwanzo unaojulikana ni sarafu ya Auroracoin, iliyoanza kugawiwa wananchi wa Iceland tarehe 25 Machi 2014, tokeni 31.8 kwa kila mmoja. Septemba 2020, soko la kubadilishana sarafu la Uniswap liliipa kila pochi iliyokuwa imewahi kulitumia tokeni 400, zenye thamani ya zaidi ya dola 1,000 wakati huo. Habari hiyo iliongeza wawindaji wa edropu, yaani watu wanaozisaka. Hata hivyo, miradi haigawi kwa huruma. Inatafuta watumiaji, inatafuta wapiga kura wa maamuzi yake, na inataka jina lake livume sokoni.

Kwa Kiswahili tuliite jambo hili nini? Wanaosema “sarafu za bure” wanapotosha, kwa kuwa mpokeaji hulipa kwa muda, kwa mega za intaneti, na wakati mwingine kwa taarifa zake binafsi. Neno “mgao” nalo, Tanzania limeshikwa na umeme unaokatwa kwa zamu. Linalofaa ni mgawo wa sarafu. Katika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo, ambako wakimbizi wa Burundi walianza kupokelewa mwaka 2015, watu wanajua mgawo unavyokwenda: kuna anayetoa, kuna orodha, kuna siku, na kuna kiasi cha kila kaya. Anayepokea halipi kitu ili apewe, wala hamwachii mgawaji ufunguo wa nyumba yake. Edropu yoyote iulizwe maswali hayo hayo.

Swali la kiasi ndilo husahaulika zaidi. Hamster Kombat, mchezo wa kugusagusa skrini ndani ya Telegram, uligawa tokeni zake tarehe 26 Septemba 2024. Waliostahili walikuwa watu milioni 131, na fungu la wachezaji lilikuwa tokeni bilioni 60. Kwa wastani kila mmoja alipata kama 458. Bei ya siku hiyo ilikuwa karibu senti moja ya dola, yaani mtu aliyegusa skrini miezi mizima alitoka na chini ya dola 5. Kwa kijana wa mji wa Baraka, huko Fizi, anayenunua mega kwa fedha yake na kulipia kuchajisha simu, hesabu hiyo inaweza kuwa hasara tupu.

Bei nyingine haihesabiki kwa dola. Mwaka 2023, Wakenya walipanga foleni ndefu katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi ili mradi wa sarafu wa Worldcoin uwapige picha mboni za macho. Walipewa tokeni 25, takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha kazi hiyo mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe. Tokeni huuzwa zikaisha. Mboni za macho mtu hawezi kuzibadilisha.

Kisha wapo wezi. Wazee wa Kongo hawajaisahau Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyokusanya akiba za watu kwa ahadi ya faida kubwa, ikaanguka mwaka 1991. Edropu bandia ina tabia ileile ya kutaka kupewa kwanza. Anayesema “tuma dola 10 kwa M-Pesa au Airtel Money ili tokeni zako zifunguliwe” ni mwizi. Mgawo wa kweli unaweza kuwa na ada ya mtandao, lakini ada hiyo hukatwa ndani ya pochi ya mpokeaji, haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye pochi yenyewe. Pochi hulindwa na maneno ya siri 12 au 24. Anayeyapata huchukua kila kitu, na hakuna benki ya kurudisha. Yaandikwe kwenye karatasi, yasipigwe picha, wala asipewe “msaidizi” yeyote wa Telegram. Mwindaji afungue pochi ya pili, tupu, kwa ajili ya edropu peke yake. Kiungo akichukue kwenye tovuti rasmi ya mradi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusaini, asome anachokubali, kwa kuwa saini moja inaweza kumruhusu mgeni ahamishe tokeni zote za pochi hiyo. Tokeni ngeni zilizoingia zenyewe aziache zilivyo.

Kijana wa Fizi anayetaka kujaribu basi atenge kiasi cha mega ambacho hakitaigusa pesa ya chakula, asikope, na asinunue tokeni ili “aongeze nafasi”. Mradi ukishindwa kumweleza nani anatoa, kwa orodha ipi, lini na kiasi gani, aufunge na aendelee na kazi yake.