Ugeni wa Kasesya
Tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani walipatana huko Berlin juu ya mpaka wa baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Wamambwe na Walungu hawakuulizwa. Waliachwa huku na huku, ndugu kwa ndugu.

Leo Mmambwe wa Zambia avukapo Kasesya, kusini ya Sumbawanga, huamkiana na wajomba zake kwa lugha ya mama. Lakini akitaka kuweka akiba benki, huwa mgeni. Sheria ya Tanzania ya kuzuia fedha haramu, ya mwaka 2006, yaamuru mteja atambuliwe kwa hati, wala si kwa ukoo.

Sheria hiyo ina sababu, kwani hata mwizi ana wajomba. Basi karani na adai hati. Lakini asimdhanie mtu ubaya kwa ugeni aliopewa na wengine.