Mbolea ya Serikali na Minazi ya Nyanya

Masika iliyopita nyanya yangu wa Msambweni alipata meseji: mbolea ya ruzuku imefika, gunia la kilo 50 ni shilingi 2,500. Akanipigia simu huku Ukunda. "Mjukuu wangu, hebu nisomee vizuri. Hii ni ya minazi?"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana hilo swali ni zito kuliko linavyosikika.

Wengi wetu tunadhani ruzuku ilianza 2022, gunia liliposhushwa kutoka zaidi ya 6,000 hadi 3,500. Wapi! Rudini nyuma miaka 80. Ni 1942, vita vya dunia vimepamba moto na Waingereza wanataka chakula. Serikali ya kikoloni ikapitisha sheria: mlowezi akipanda mahindi au ngano, anahakikishiwa kiasi fulani cha pesa kwa kila ekari. Mvua ikikataa, analipwa. Yaani hata asipovuna, hakosi.

Tulipopata uhuru, mpango huo haukufa. Uliendelea kwa wakulima wakubwa wa bara hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Wenye mashamba walibadilika, mazao yakabaki yale yale.

Sasa tazama Kwale. Sisi ni watu wa mnazi, mkorosho, mwembe na muhogo. Mahindi tunapanda, ndio, lakini mvua yetu haina ahadi. Na ardhi yenyewe? Sheria ya hati ya 1908 ilisema kila mtu wa Pwani alete dai lake. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa mali ya serikali. Wadigo wengi walilima ardhi ya ukoo, karatasi hawakuwa nayo. Ndio maana hadi leo kuna watu wanaitwa maskwota pale pale walipozikwa babu zao.

Halafu kuna Ramisi. Kiwanda cha sukari kilianza 1927, kikafungwa 1988. Muulize mzee yeyote wa huko akwambie maisha yalikuwaje baada ya hapo. Zao likikosa wa kulishika mkono, mji mzima unalala.

Sisemi mbolea ni mbaya. Nyanya alichukua gunia moja, akalipa bodaboda, akaweka kwenye mahindi yake robo ekari. Ilimsaidia, na 2,500 si bei ya kukataa. Lakini kinachomlipia chumvi, na kilichonilipia mimi karo, ni nazi. Minazi yake ilipandwa na babake. Imezeeka, inazaa kidogo, na hakuna meseji iliyowahi kuja kumwambia njoo uchukue miche.

Hapa ndipo linatugusa sisi vijana. Mnazi ukizeeka bila kupandwa mwingine, shamba linageuka ploti. Anakuja mtu na gari kubwa kutoka upande wa Diani, anataja bei, na sisi wajukuu ndio wa kwanza kusema "nyanya, uza tu."

Kwa hivyo tukidai ruzuku, tusidai gunia la bei rahisi pekee. Tudai miche ya minazi na mikorosho, na hati za ardhi. Msaada uliopimwa kwa mahindi ya bara tangu 1942 hauwezi kututosha.

Nyanya wako analima nini? Na amewahi kupata meseji ya hilo zao?